Nailoni ya Makochi

Mdogo wangu Kandida alimsimamisha Yesu mlangoni mpaka makochi yafike. Nnasema hivyo hivyo, na akisikia na asikie. Watu wananambia, Skola, punguza mdomo, yule ni mdogo wako, mmelala tumbo moja. Ndiyo, tumbo moja. Na mwenye tumbo hilo ndiye aliyeniliza mie, mama yetu, Bi Leokadia.

Kwanza mjue mambo yetu yalivyo. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika ni ya watu wa Mji Mkongwe na Kikwajuni, nyumba chache tu, maana Wakristo wa hapa Unguja hatujazi uwanja. Kila Jumamosi alasiri tunasali nyumbani kwa mtu, na tukishamaliza, msalaba wa jumuiya unabaki pale. Unalala nyumba ile wiki nzima mpaka ifike zamu ya nyumba nyengine. Msalaba wenyewe aliuchonga marehemu baba yetu kwa mti wa mfenesi, mwaka jumuiya ilipoanza, na nyumba ya kwanza kuulaza ilikuwa yetu. Chumba kimoja Kikwajuni, sakafu ya udongo, na mama akautundika kwenye msumari wa chandarua. Siku hizi umekuwa mweusi kwa nta ya mishumaa na mikono ya watu. Mama huuita "mzee". Ukenda kumtazama, hata hujakaa, anakuuliza, "Mzee yuko kwa nani wiki hii?"

Zamani ukisaliwa kwako unatoa maji na kahawa, basi. Kisha mtu mmoja akatoa soda na keki. Wa pili hakukubali, akatoa biriani. Wa tatu akapaka rangi nyumba nzima, mpaka ngazi. Ikafika mahali watu wanaogopa zamu yao kuliko wanavyoogopa dhambi. Mie kwangu nimebaki na kahawa na kashata, na asiyetaka asije.

Mama alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa wote, kinywa kikapinda, lakini akili iko timamu na maneno ukitega sikio unayapata. Mie nnakaa ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani, ngazi zake hata mzima anapanda kwa kushika kamba. Nnafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, natoka asubuhi narudi magharibi. Kandida yeye mumewe, Filbert, amepata umeneja kwenye hoteli moja huko Matemwe, na wamejenga Kidichi, nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Basi mama akaenda kwa Kandida. Hakuna aliyegombana, mambo yalikwenda yenyewe.

Siku ya kuhama mama alisema kitu kimoja tu. "Mzee aje alale na mie, kabla mie sijalala nisiamke."

Wanajumuiya wote walikubali. Kidichi ni mbali na kwetu, lakini kwa Bi Leokadia tutakodi gari. Katekista wetu, Mzee Kasimiri, alisema angekwenda hata kwa miguu. Ilibaki mwenye nyumba aseme karibuni tu, maana kwa taratibu yetu msalaba haupelekwi nyumba ambayo mwenyewe hajauita. Na Kandida hakuuita.

"Sakafu bado, dada," akanambia.

Sakafu ikawekwa marumaru. Nikampigia simu.

"Mapazia bado."

Mapazia yakaja. Nikampigia.

"Makochi, dada. Filbert ameagiza makochi Bara, yanatengenezwa. Huwezi kumkaribisha Bwana kwenye ukumbi mtupu. Hata mkubwa wa serikali akija mtu unapaka chokaa."

"Bwana kazaliwa zizini, Kandida."

"Ndiyo maana kwangu nataka apate pa kukaa," akasema, na akakata simu.

Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Na msidhani alikuwa anasema kwa mzaha. Kandida anasali kuliko mie. Anafunga Kwaresima yote, haruki siku. Aliamini kabisa kwamba kila kitu kinachoingia ndani mle anamwandalia Mungu. Nilimwambia mara moja, mama naye ni kitu cha Mungu, akaninunia mwezi mzima. Padri alikuwa akija kumkomunisha mama, na ilipokuwa marumaru yanawekwa akapitishwa mlango wa jikoni. Mwili wa Bwana ukapita kando ya masufuria. Padri wa watu hakusema kitu. Mie ningesema.

Mama kila Jumapili nikenda ananiuliza, "Mzee yuko kwa nani?" Namwambia kwa fulani. Anahesabu kwa vidole vya mkono ule mzima nyumba zilizobaki, kisha anasema, "Basi karibu atafika." Hakufika. Alipita nyumba zote akaanza tena mzunguko, na mama bado anangoja katika chumba chake cha uwani, dirisha linatazama banda la kuku.

Makochi yakafika baada ya Pasaka, kwenye mvua za masika. Kandida akanipigia mwenyewe, sauti yake kama ya bi harusi. "Dada, Jumamosi! Waambie wote. Na uvae ile sare ya kitenge, wafanyakazi wenzake Filbert wanakuja kutoka Matemwe."

Nilifurahi, sisemi uongo. Nilinunua machungwa, nikavaa sare, nikamsahau Kandida na maudhi yake yote. Kwenye gari Mzee Kasimiri alimpakata mzee mwenzake, yaani ule msalaba, kaufunga kitambaa cheupe, na njia nzima tuliimba. Tulipofika Kidichi tope lilikuwa mpaka kwenye vifundo, lakini harufu ya mdalasini imejaa hewani, na sote tukasema Bi Leokadia leo ndiyo siku yake.

Tukavua viatu, tukaingia ukumbini. Lo! Nyumba ilikuwa nzuri, nani atakataa? Makochi ya rangi ya maziwa, makubwa, unakaa unazama. Meza ya kioo katikati. Nailoni za makochi zimevuliwa asubuhi ile ile na zimekunjwa vizuri nyuma ya kochi kubwa, sijui zinawekewa nini. Wageni wa Matemwe walishakaa, wanapewa juisi ya ukwaju kwenye glasi zinazofanana. Wanajumuiya wenzangu waliingia kwa kunyata, wakakaa pembeni pembeni kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Filbert akamshika mkono kila mtu. Kandida anazunguka na trei, anameta.

Nikatazama huku na huku. Mama simwoni.

Nikasema labda bado anavishwa. Nikenda chumba cha uwani. Kitanda kimetandikwa shuka mpya, udi umefukizwa, madirisha wazi, na kitandani hapana mtu. Nikarudi, nikamvuta Kandida jikoni.

"Mama yuko wapi?"

"Polepole, dada. Amepumzika kwa jirani. Kelele zinampandishia presha."

"Kandida. Hawa watu wamekuja kwa nani?"

"Wakimaliza nitampelekea msalaba aubusu. Nimeshamwambia, na amekubali."

Sikungoja nimalize kusikia. Nikatoka mlango ule ule wa jikoni, peku peku, nikapita kwenye tope katikati ya midalasini, mpaka nyumba ya pili. Ya Bi Mwanakhamis, mjane, anaishi kwa shamba lake la viungo. Nilimkuta kakaa kwenye barza, anabandua maganda ya mdalasini kwa kisu kidogo. Na kando yake, kwenye kiti cha mbao chenye mito, mama yangu. Kavaa sare yetu ya kitenge. Rozari iko kwenye mkono mzima. Kageuzwa uso uelekee nyumba ya binti yake, ili asikie nyimbo.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua?"

Mama alinitazama akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Skola! Mzee keshafika?"

"Kafika, mama."

"Kandida kasema ataniletea nimbusu," akasema. "Hatakawia."

Hapo nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kwa sauti, mie mtu mzima mwenye wajukuu, na matope miguuni. Kisha hasira ikanipanda, nikasema basi, huo msalaba utakuja hapa. Jumuiya yote itatoka kwenye makochi ije isali kwenye barza hii, na Kandida abaki na wageni wake.

Bi Mwanakhamis akaweka kisu chini. "Sikiza, mwanangu. Mama yako nnamweka hapa siku yoyote, na ninachokula atakula. Lakini msalaba hauingii kwangu, usinifanyie hivyo. Mie nna dini yangu na nyinyi mna yenu. Halafu mama huyu ana kwake. Kwa nini asaliwe kwa watu? Mrudishe kwake."

Nilikuwa sijamjibu nikamwona Kandida anakuja mbio, kashika gauni lake juu asilichafue.

"Unanifedhehesha mbele ya watu!" akaniambia. "Unatoka nyumbani kwangu bila viatu unapiga kelele!"

"Nani anamfedhehesha nani? Unamficha mama yako kwa jirani kama mali ya magendo!"

"Unataka watu wasikie ule mkojo wake unavyonuka?" Sauti yake ikakatika. "Nnafua, nnasugua, nnafukiza udi, hautoki! Wakiusikia watasema Kandida ana makochi na mama kamwacha anaoza. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Nataka mama asaliwe."

"Nani anamwogesha? Nambie! Nani anamgeuza asitoke vidonda, nani anamlisha kijiko kwa kijiko? Wewe unakuja Jumapili na machungwa yako, unakaa kitako, unaulizwa mzee yuko kwa nani, unajibu, unarudi mjini kunisema. Mama hana hata meno ya kula machungwa, dada!"

Nikainama kutazama matope miguuni mwangu.

Bi Mwanakhamis alikuwa anatazama maganda yake. "Mficha uchi hazai, Kandida," akasema taratibu. "Nilikwambia tangu asubuhi ulipomleta."

"Basi," akasema mama. "Basi, wanangu. Nipelekeni. Mie huo ukumbi sijauona."

"Umeuona, mama," Kandida akasema.

"Nimeuona mlango. Na nyumba njema si mlango."

Kandida akainamisha kichwa. Kisha akamwinua. Alitia mkono mmoja nyuma ya bega lile lililokufa, mwengine chini ya mapaja, akamvuta kifuani kwake kwa mara moja, kwa wepesi, na mama akalegea mikononi mwake kwa kuzoea. Mie nikashika miguu, na nilishika vibaya, maana mama alisema "aa" kidogo. Bi Mwanakhamis akatufuata na kile kiti. Gauni la Kandida likaburura tope njia nzima.

Tulipoingia ukumbini watu wote wakasimama. Wanajumuiya wakapiga vigelegele, wengine wanalia. Mama akazungusha macho: mapazia, kabati, meza ya kioo, makochi.

"Mashallah," akasema. "Pazuri, Kandida. Pazuri sana."

Tukafika mbele ya kochi kubwa. Kandida akasita. Nilimwona, na wote walimwona. Mama yuko hewani, mikononi mwetu, na binti yake anatazama kile kitambaa cha rangi ya maziwa.

"Nshikie kidogo, dada," akasema.

Nikapokea uzito wote wa mama kifuani. Kandida akapita nyuma ya kochi. Nilidhani anafuata mto. Akarudi na nailoni. Akaikunjua mbele ya wageni wa Matemwe, mbele ya Mzee Kasimiri na jumuiya nzima, ikalia chakara chakara, akaitandika na kuinyosha pembe zake.

"Tandika, mwanangu," mama akasema. "Tandika vizuri, nisikuharibie."

Tukamkalisha. Kuku walisikika nje. Mzee Kasimiri amesimama na msalaba mikononi, keshaufungua kitambaa, hajui auweke wapi. Akainama kuelekea meza ya kioo.

"Na mzee naye mtandikie," mama akasema. "Ana nta."

Nataka mnielewe. Mama hakuwa anasema kwa kijembe. Mie kijembe nakijua, nimezaliwa nacho, lakini kutoka upande wa baba. Mama yangu hana. Aliona binti yake anajali kitu, naye akataka kumsaidia kukijali. Nilitamani awe amesema kwa kijembe, kingeniuma lakini ningekipokea.

Kandida alibaki amesimama, mikono imening'inia. Uso ulimbadilika mpaka nikaogopa ataanguka. Filbert akasema, "Mke wangu, tuanze tu," na yeye hakumsikia. Akapiga magoti mbele ya mama, akatia mkono chini yake, akaanza kuvuta ile nailoni. Ilinasa. Akavuta kwa nguvu, ikachanika, na kipande kilichobaki akakichomoa kwa vidole, taratibu, anamwinua mama upande mmoja, kisha upande wa pili. Akakisukuma chini ya meza. Akanyanyuka akauchukua msalaba kwa Mzee Kasimiri, akaulaza mapajani kwa mama.

Mama akauinua kwa mkono mmoja. Akaubusu kwa kile kinywa kilichopinda, akaulaza shavuni, akafumba macho.

"Umechelewa wewe," akauambia.

Mzee Kasimiri akaanza rozari. Wageni wa Matemwe baadhi hawakuwa Wakristo, wakakaa kwa adabu. Kandida akarudi kupiga magoti, kichwa kiko kwenye goti la mama. Tukasali fumbo la kwanza. Kwenye la pili nikaona mama anafumbua macho, anatazama chini, na midomo haisali tena. Kile kitambaa cha rangi ya maziwa kilikuwa kinabadilika rangi pembeni mwa paja lake, polepole, kinaenea. Harufu ikafuata. Dada mmoja wa hotelini akageukia dirishani. Mzee Kasimiri akapandisha sauti ya Salamu Maria.

"Nimeharibu," mama akasema. "Kandida, nimeharibu."

"Hujaharibu kitu, mama."

"Kochi."

"Hujaharibu kitu," akasema tena, na akamkumbatia kiuno, na gauni lake nalo likalowa. Alikuwa analia. Analilia mama au analilia kochi, mie sijui, na sitaki kujitia najua. Hakumwachia, hilo nililiona. Akamfunika kwa mwili wake, watu wasimtazame.

Kisha akageuza uso kwangu. Macho mekundu, bila ubaya wowote.

"Dada, niletee kanga ya mama, nimbadilishe."

Nikasimama haraka. Hatimaye pana kazi yangu. Nikafika kwenye mlango wa kwenda uwani, nikasimama pale pale. Rozari inaendelea nyuma yangu. Nikageuka.

"Ziko wapi?" nikauliza.

Nilisema kwa sauti ya chini lakini walisikia wote. Wanajumuiya ninaokaa nao kila Jumamosi nikiwahadithia habari za mama yangu na anavyofanyiwa, wakatazama rozari zao. Kandida alikuwa bado analia.

"Kwenye kapu, nyuma ya mlango wa chumba chake." Alikuwa Bi Mwanakhamis. Hakuwa ameingia, alisimama nje kwenye kizingiti cha jikoni na kile kiti chake. "Zilizochakaa ndizo za kuvaa. Mpya hazipendi, zinamkwaruza."

Nikenda. Kapu lilikuwepo, nyuma ya mlango, kama alivyosema. Nikapiga magoti nikalifunua. Kanga zimekunjwa safi, nyingi, kila moja imefuliwa mpaka maandishi yamefifia, na zote zina harufu ya sabuni na jua. Mie ndiye nnayefua nguo za watu kila siku ya Mungu. Nikaishika moja, nikaiacha, nikashika nyengine. Huko ukumbini wameshafika fumbo la tatu, na mie bado nimepiga magoti, sijui mama yangu anapenda ipi.